Mwenda pole hajikwai: mazoezi mepesi kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau

Idadi ya wazee wanaopoteza kumbukumbu inaongezeka kote duniani, na hadi sasa haijapatikana dawa ya kuwaponya. Wataalamu wa afya wanazidi kuzipa uzito njia zisizohitaji dawa, yakiwemo mazoezi mepesi yanayoshirikisha mwili, pumzi na akili kwa wakati mmoja.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Oman, katika miji kama Adam, Nizwa, Ibra na Sur, suala hili lina sura ya pekee. Kizazi kilichozaliwa Unguja, Pemba na bara la Afrika Mashariki, kisha kikarejea katika ardhi ya mababu, sasa kimefikia umri ambao maradhi haya huwapata watu zaidi. Namna ya kuwahudumia wazee hao, na lugha ya kuwahudumia, ni maswali yanayozikabili nyumba nyingi.

Kizazi cha safari mbili

Adam ni mji wa kale katika mkoa wa Dakhiliyah, kiasi cha kilomita 60 kusini mwa Nizwa, mahali ambapo mashamba ya mitende hukoma na jangwa kuanza. Ndipo alipozaliwa Imam Ahmad bin Said, mwasisi wa nasaba ya Al Busaidi katika karne ya 18. Tawi moja la nasaba hiyo lilitawala Zanzibar hadi yalipotokea Mapinduzi ya Januari 12 mwaka 1964.

Watu wa Dakhiliyah na Sharqiyah walikuwa wakivuka bahari kwenda Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia ukame na dhiki ya maisha. Baada ya mwaka 1964 wengi walilazimika kuondoka Zanzibar. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 23 mwaka 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, na maelfu waliitikia.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati wa mapinduzi sasa amevuka miaka 80. Wapo miongoni mwao waliofika Oman wakiwa hawakijui Kiarabu vizuri, wakajifunza ukubwani, wakafanya kazi kwa lugha hiyo na kulea watoto kwa lugha hiyo. Wajukuu wao wengi huzungumza Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chao ni cha maneno machache ya jikoni na ya salamu.

Madaktari wanaohudumia wazee wanaojua lugha zaidi ya moja wameona kwamba, maradhi ya kusahau yanapozidi, lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi ndiyo hufifia kwanza, na ile ya utotoni hubaki. Mzee aliyeishi miaka hamsini Oman huweza kuanza kumjibu mjukuu wake kwa Kiswahili cha Unguja bila ya kujua kuwa hafahamiki.

Ugonjwa, si uzee tu

Dimenshia ni jina la jumla la hali inayotokana na kuharibika kwa seli za ubongo, kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kukumbuka, kufikiri, kupanga mambo na hatimaye kujihudumia mwenyewe. Kwa Kiswahili wengi huiita ugonjwa wa kusahau, ingawa kusahau ni dalili moja tu kati ya nyingi. Mgonjwa huweza pia kupotea njia anayoijua, kukosa maneno, kushuku kuwa ameibiwa, au kubadilika tabia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hiyo mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka hupatikana wagonjwa wapya wanaokaribia milioni 10. Aina inayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Aina inayofuatia hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, na huhusishwa na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi.

Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Uchunguzi uliofanywa na madaktari wa Tanzania na Uingereza katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafikia wazee wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kiwango cha ugonjwa kilikadiriwa kuwa asilimia 6.4, aghalabu kwa watu ambao hawakuwahi kutambuliwa hospitalini.

Sababu moja ya kutotambuliwa ni imani kwamba kusahau ni sehemu ya kawaida ya uzee. Nyingine ni kuyahusisha mabadiliko ya mzee na uchawi au majini. Zote mbili huwa na matokeo yale yale: mgonjwa hapelekwi kwa daktari, na familia haifundishwi namna ya kuishi naye.

Dawa mpya mbili zilizoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2023 na 2024 zimeonyesha kupunguza kidogo kasi ya ugonjwa wa Alzheimer kwa walio katika hatua za mwanzo. Hata hivyo ni ghali mno, zinahitaji vipimo vya mara kwa mara vya ubongo, na zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ndani ya ubongo. Kwa walio wengi, tegemeo kubwa linabaki kuwa malezi mazuri.

Kumbukumbu iliyo mikononi

Kuelewa kwa nini mazoezi mepesi huwafaa wagonjwa hawa, ni lazima kwanza kujua kwamba ubongo hauhifadhi kumbukumbu zote mahali pamoja.

Kumbukumbu za matukio, kama vile nani alikuja jana au chakula kilicholiwa asubuhi, hutegemea sana sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu hiyo huwa miongoni mwa za mwanzo kuathirika. Ndiyo maana mgonjwa huuliza swali moja mara kumi.

Lakini ipo kumbukumbu ya pili, ile ya vitendo. Hii ndiyo inayomwezesha mtu kuendesha baiskeli, kusuka ukili, kupepeta mchele au kutia udhu bila ya kufikiria kila hatua. Kumbukumbu hiyo hutegemea sehemu nyingine za ubongo, ambazo kwa kawaida huchelewa kushambuliwa. Mwanamke asiyekumbuka jina la binti yake huweza kuchukua kanga na kuikunja sawasawa, pembe kwa pembe.

Mazoezi ya mwili na akili hupitia mlango huo ulio wazi bado. Mgonjwa hatakiwi kukariri orodha wala kujibu maswali. Hurudia vitendo vile vile kwa utaratibu ule ule, polepole, akielekeza hisia zake kwenye pumzi, miguu na mikono, mpaka mwili uvizoee. Jambo la aina hii limo katika tai chi ya China na yoga ya India, ingawa si lazima mtu afuate mojawapo ya mila hizo.

Majaribio yanasema nini

Ushahidi wa kisayansi unahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu matumaini huweza kuwa makubwa kuliko ukweli.

Mwaka 2018 jarida la tiba la BMJ lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza lililowahusisha watu 494 wenye dimenshia ya kiwango cha chini na cha wastani. Waliopangiwa mazoezi walifanya mazoezi ya nguvu, ya kuendesha baiskeli isiyokwenda na kunyanyua vitu vizito, kwa miezi minne. Miili yao iliimarika, lakini kuporomoka kwa akili hakukupungua. Baada ya mwaka mmoja hali yao kiakili ilikuwa mbaya kidogo kuliko ya wenzao ambao hawakufanya mazoezi hayo, ingawa tofauti ilikuwa ndogo.

Jaribio jingine la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, liliwachukua wagonjwa 85 pamoja na walezi wao na kuwafundisha baadhi yao tai chi. Kipimo kikuu, yaani muda wa kuinuka kitini, kutembea na kurudi, hakikuonyesha tofauti kubwa. Lakini waliofanya tai chi walianguka mara chache zaidi, na maisha yao yalionekana kuwa na nafuu.

Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wakiongozwa na Profesa Deborah Barnes, walibuni utaratibu unaochanganya yoga, tai chi, utambuzi wa mwili na vitendo vya kila siku kama kuinuka kitini. Jaribio la mwanzo, lililochapishwa mwaka 2015, lilikuwa la watu wachache wasiozidi dazeni moja. Matokeo yake yalitia moyo kuhusu mwendo, hali ya akili na furaha ya washiriki, lakini idadi hiyo ni ndogo mno kutolea hukumu.

Karibu zaidi na nyumbani ni kazi iliyofanyika huko huko Hai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanaeleza jinsi wazee 34 wenye dimenshia walivyokusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 katika wiki saba, wakaimba, wakacheza michezo na kuzungumza juu ya mambo wanayoyajua. Utaratibu huo ulitoka Uingereza ukarekebishwa kwa mazingira ya kijijini. Uwezo wao wa kufikiri uliongezeka, wasiwasi ukapungua, na walezi wao pia walipata nafuu.

Kwa ujumla, hakuna ushahidi kwamba mazoezi huponya dimenshia au kuizuia isiendelee. Yanachoweza kufanya ni kumsaidia mgonjwa asimame vizuri zaidi, aanguke mara chache, alale vizuri, atulie, na aendelee kujihudumia kwa muda mrefu zaidi kuliko ambavyo ingekuwa. Jambo la kuanguka halipaswi kupuuzwa. Mwenye dimenshia huanguka mara mbili au zaidi kuliko mzee mwenzake asiye na ugonjwa huo, na mfupa wa nyonga ukivunjika, mara nyingi huwa ndio mwisho wa kutembea.

Zoezi hufanywaje

Mazoezi haya hayahitaji vifaa wala nguo maalumu. Kinachohitajika ni kiti imara kisicho na magurudumu, sakafu isiyoteleza, na mtu wa kukaa mbele ya mgonjwa na kumwonyesha. Ni vyema yafanyike saa ile ile na chumba kile kile, mara mbili au tatu kwa wiki. Dakika kumi zinatosha kuanzia, kisha ziongezwe taratibu hadi nusu saa au zaidi kidogo mgonjwa akizoea.

Hatua ya kwanza ni kuketi na kuitambua sakafu. Mzee huketi wima, nyayo zote mbili zikigusa chini, na huombwa azibonyeze sakafuni. Kisha huweka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, akavuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, mara tano. Pumzi ndefu za kutoa huupunguza mwendo wa moyo na kuutuliza mwili.

Hatua ya pili ni kuviamsha viungo: kusugua viganja mpaka vipate joto, kufungua na kufunga vidole, kuzungusha mabega, na kugeuza shingo kulia na kushoto bila ya kulazimisha. Hufuatiwa na miguu, kwa kunyanyua visigino, halafu vidole, kama mtu anayetembea akiwa ameketi.

Hatua ya tatu hushirikisha watu wawili. Hupitishiana mpira laini, au hushika kanga kila mmoja upande wake, wakaitandaza, wakaikung'uta na kuikunja. Kitendo hicho hunyoosha mikono, hulazimisha macho kufuata, na humfanya kila mmoja amtazame mwenzake.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo yenye faida kubwa kwa maisha ya kila siku, ni kuinuka na kuketi. Mzee husogea mbele ya kiti, huvuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, huinama mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha husimama. Hupumzika, halafu huketi taratibu bila ya kujitupa. Mara tatu zinatosha mwanzoni. Anayeweza kuinuka mwenyewe anaweza pia kwenda msalani mwenyewe, na hilo ndilo jambo wazee wengi hulitamani kuliko jingine lolote.

Mwisho ni kusimama nyuma ya kiti, mikono ikishika mgongo wa kiti, na kuuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kisha wote huketi, hushikana mikono, hukaa kimya kwa muda na kushukuriana.

Namna ya kuzungumza ni muhimu sawa na zoezi lenyewe. Agizo liwe moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, likifuatwa na kimya cha kutosha. Ubongo ulioathirika huchelewa kulipokea neno, na anayelirudia kwa haraka humlazimisha mgonjwa kuanza upya. Kuonyesha kwa mkono hufaa zaidi kuliko kueleza. Na swali la "unakumbuka?" halina faida, kwani humtia mtu kwenye mtihani ambao ataushindwa.

Kanga, ukili na kasida

Wataalamu wanasisitiza kwamba zoezi hushika zaidi linapofanana na maisha aliyoyaishi mgonjwa. Kwa wazee wa Kizanzibari walioko Oman, hazina hiyo ni kubwa.

Wanawake wengi wa kizazi hicho walisuka ukili wa mikeka, walikuna nazi kwa mbuzi, walipepeta mchele kwa ungo. Wapo wanaume na wanawake walioshona kofia za mkono, tundu kwa tundu, kofia ambazo ni ndugu wa karibu wa kumma inayovaliwa na Waomani leo. Vitendo hivyo vinaweza kufanywa bila ya nazi wala mchele: mwendo wa kupepeta huchezesha viwiko na kiwiliwili, na mwendo wa kutwanga, mikono mitupu, huunyoosha mgongo. Kwa mzee aliyekulia katika mashamba ya Adam, mwendo wa kupanda mnazi huenda usimwambie kitu, lakini kuchambua tende au kusuka kamba za mtende kutamkumbusha.

Muziki huongeza nguvu. Nyimbo zilizopendwa ujanani ni miongoni mwa mambo yanayodumu muda mrefu katika kumbukumbu. Kasida, taarabu ya zamani au wimbo wa harusi huweza kumfanya mzee aliyenyamaza siku nzima aanze kuyumba na kupiga makofi. Zanzibar inayo hata maulidi ya homu, ambayo wasomaji wake hupiga magoti katika mstari mmoja na kuyumbisha viwiliwili kwa pamoja kufuata sauti. Aliyekulia katika mila hiyo anajua kufuata mwendo wa kundi kabla ya kufundishwa na mtu yeyote.

Sala na mwili

Sala ni ibada, na hakuna haja ya kuigeuza kuwa zoezi. Hata hivyo ni vigumu kuzungumzia mwili wa mzee wa Kiislamu bila ya kuitaja. Mtu aliyesimama, akarukuu, akasujudu na kuketi mara nyingi kila siku kwa zaidi ya miaka sabini ana utaratibu uliokita ndani ya viungo vyake kuliko mwingine wowote.

Familia nyingi hushuhudia mzee akisahau siku na mwaka lakini akiinuka kwa adhana. Hushuhudia pia akichanganyikiwa katika idadi ya rakaa na kufadhaika. Kumsalisha pembeni ya mtu mwingine, ili afuate mwendo wa mwenzake, humwondolea fadhaa hiyo. Sheria ya Kiislamu inampa ruhusa asiyeweza kusimama kusali akiwa ameketi, na haimlaumu aliyepoteza akili. Kwa hiyo kiti kilichowekwa karibu na msala hakimpunguzii mzee heshima, na huenda kikamwepusha na kuanguka anapoinuka kutoka kwenye sujudu.

Udhu nao unahitaji uangalizi. Bafu lenye maji sakafuni ni mahali pa hatari. Kiti cha plastiki kisichoteleza, kishikizo ukutani na viatu vyenye nyayo za mpira ni mambo ya gharama ndogo.

Lugha ya maagizo

Mazoezi haya yanategemea maneno machache yanayoeleweka upesi. Hapo ndipo tatizo la wazee wa safari mbili linapojitokeza wazi.

Katika nyumba nyingi za Oman, anayemhudumia mzee mchana kutwa ni msaidizi wa nyumbani kutoka nchi ya nje, ambaye huenda Kiarabu chake ni cha kubahatisha na Kiswahili hakijui. Mzee akiambiwa ainue mguu kwa lugha asiyoikumbuka tena, haitiki. Anayemtazama hudhani ni ukaidi, au kwamba ugonjwa umezidi. Hata vipimo vya kumbukumbu vinavyofanywa hospitalini kwa Kiarabu au Kiingereza huweza kumwonyesha mtu kuwa na hali mbaya zaidi kuliko alivyo.

Dawa ya tatizo hili haihitaji fedha nyingi. Maneno kama simama, kaa, vuta pumzi, nishike mkono, taratibu na ahsante yanaweza kuandikwa kwa herufi za Kiarabu au za Kilatini na kubandikwa ukutani. Sauti ya mwana au binti akitoa maagizo ya zoezi kwa Kiswahili inaweza kurekodiwa kwenye simu na kuchezwa kila siku. Familia inayompeleka mzee hospitalini inaweza kumweleza daktari tangu mwanzo kuwa lugha ya utoto wake ni Kiswahili. Hali kama hii inawahusu pia Wasomali, Wakongomani na Waswahili wanaozeekea Uingereza, Canada na Marekani, mbali na lugha walizonyonya.

Tahadhari

Kabla ya kuanza, mzee anapaswa kuonwa na daktari. Maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mifupa iliyolika au kizunguzungu hubadilisha aina ya mazoezi yanayomfaa. Zoezi lisimamishwe mara moja akilalamika maumivu ya kifua, akikosa pumzi au akipatwa na kizunguzungu. Ikumbukwe kwamba mgonjwa wa dimenshia huenda asiweze kusema kuwa anaumia, hivyo uso wake na mikono yake ndiyo ya kutazamwa.

Mabadiliko ya ghafla, kama vile kuchanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, kwa kawaida hayatokani na dimenshia yenyewe. Mara nyingi husababishwa na homa, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya, na huhitaji hospitali haraka.

Hali ya hewa ya Adam ni jambo jingine. Katika miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 45, na mzee mwenye dimenshia huenda asihisi kiu. Mazoezi yafanywe ndani, au nje alfajiri tu, na maji yawe karibu. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga asifanye mazoezi mchana, na ni muhimu daktari aulizwe iwapo mzee anapaswa kufunga kabisa.

Hatari kubwa zaidi katika mji wa jangwani ni mgonjwa kutoka nyumbani peke yake. Wengi hupatwa na hamaki ya kutaka kwenda "nyumbani" nyakati za jioni, hata wakiwa ndani ya nyumba yao. Kwa aliyezaliwa Afrika, nyumbani huko huenda ni mtaa wa Unguja alioucha zaidi ya miaka sitini iliyopita. Zoezi jepesi baada ya Alasiri, likifuatwa na chai na mazungumzo, huweza kuupunguza msukosuko wa saa hizo. Mlango wenye kengele na majirani wanaojua hali ya mzee ni kinga ya ziada.

Mlezi naye ni binadamu

Kazi ya kumlea mwenye dimenshia huangukia mara nyingi kwa mtu mmoja, aghalabu binti au mkwe. Ni kazi ya usiku na mchana isiyo na siku ya mapumziko, na wanaoifanya huwa katika hatari ya sonona na maumivu ya mgongo. Ndiyo sababu mitindo mingi ya mazoezi haya humtaka mlezi ashiriki, wala asisimame pembeni kama mwalimu. Pumzi tano za polepole zinamfaa yeye pia.

Upo upande mwingine ambao hauonekani katika vipimo. Siku ya mlezi hujaa maagizo na makatazo: kula, usiguse, njoo, usitoke. Dakika ishirini za kushikana mikono na kuyumba pamoja, bila ya mmoja kumsahihisha mwenzake, huwarudisha kwa muda kwenye uhusiano wa mama na mwana.

Kwa walio bado vijana, Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wa dimenshia duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa, iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwao ni kutofanya mazoezi, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, uziwi usiotibiwa na upweke. Kisukari na unene ni matatizo makubwa katika nchi za Ghuba, na yanaongezeka katika miji ya Afrika Mashariki.

Kwa waliokwishapatwa na ugonjwa, hesabu ni ya namna nyingine. Mzee aliyeinuka kitini mara tatu leo bila ya kusaidiwa huenda mwakani asiweze. Lakini kila mwezi anaoweza kuinuka ni mwezi wa kwenda msalani kwa miguu yake, wa kuketi barazani na wenzake, na wa kumpokea mgeni akiwa amesimama.